Adrian Atiman, Daktari wa Karema



Huku Mvumi kijana anakua akiiona hospitali kila siku. Ni ya ndugu zetu Waanglikana, ina na chuo cha afya, na sisi Wakatoliki tunatibiwa pale kama watu wengine wote. Lakini kaa na wanafunzi wa TYCS uwaulize nani anataka kuwa muuguzi au tabibu. Mikono miwili mitatu inainuka, halafu inashuka haraka. Sababu ni zilezile: ada, Fizikia, na kwamba kwenye ukoo hajawahi kutokea daktari. Ndiyo maana leo nawasimulia mtu aliyeanzia chini kuliko sisi sote.

Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Hebu fikirieni: mtoto wa miaka kama kumi hivi, hana baba wala mama wa kumuuliza lolote, na kila lugha anayoisikia ni ngeni.

Mwanzilishi wa shirika lile, Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa na wazo lake. Alitaka vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomee udaktari, kisha warudi Afrika kama madaktari na makatekista, waishi kama Waafrika wenzao na si kama Wazungu. Aliona kwamba nyumba isiyompokea padre itampokea daktari. Basi mwaka 1881 Atiman akapelekwa Malta. Alikuwa na miaka kama 15, yaani umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili! Akasoma mpaka 1888.

Kuna jambo moja ambalo huwa linanisumbua, nalisema wazi. Yule kijana hakuchagua, wakubwa ndio waliompangia. Nia ya Lavigerie ilikuwa njema, lakini mimi nisingependa mtoto yeyote apangiwe maisha namna hiyo. Chuo kile cha Malta chenyewe kilifungwa mwaka 1896, na matunda yake yalikuwa machache kuliko alivyotarajia. Ila Atiman, kazi aliyopangiwa aliigeuza ikawa yake kabisa.

Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Zama hizo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na ziwani ilipita huku kwetu Ugogo, na wasafiri wa zamani wameitaja Mvumi kwa jina. Karema alikuwa mgeni tena. Ngozi ilifanana na ya wenyeji, lakini lugha na desturi ilibidi ajifunze upya. Akaoa binti wa Kibende, Agnes, na mtoto wao Joseph akaja kuwa padre.

Na masomo yalikuwa hayajaisha. Dawa za Ulaya zilikuwa chache na zilitoka mbali mno, kwa hiyo daktari mwenye elimu ya Malta akajifunza miti na mizizi ya wenyeji. Jamani, hapo ndipo ninapompenda! Alitibu majeraha, alihangaika na malale kandokando ya ziwa, na wakati huohuo alifundisha katekisimu. Alifanya hivyo miaka 67.

Sasa wewe wa kidato cha tatu usingoje matokeo. Likizo hii nendeni watatu au wanne, pamoja na mlezi wenu, mkamwone mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ombeni kwa adabu mkae siku chache mkijifunza. Mtaonyeshwa kunawa mikono inavyotakiwa, kupima presha, kupima uzito wa watoto siku ya kliniki. Mtaambiwa pia kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje ya mlango ule, na hilo ni gumu kuliko presha. Mwingine atagundua kwamba akiona damu anazimia. Si aibu, maabara na famasia zipo.

Halafu wengi hawajui kwamba uuguzi, utabibu, maabara na famasia vina kozi za kuanzia kidato cha nne, ukiwa umefaulu Biolojia na Kemia, na kwa kozi nyingi Fizikia pia. Si lazima kupita kidato cha sita. Waulizeni wanachuo wa hapahapa Mvumi, wao wameshapita njia hiyo na watawaambia ukweli kuhusu ada.

Atiman alifariki mwaka 1956 akiwa mzee wa karibu miaka 90, akazikwa palepale Karema. Siku ukifika Dar es Salaam ukakuta nyumba ya Mapadre Weupe iitwayo Atiman House, ujue jina lile ni la mtoto yule wa Timbuktu.