Anna Knight: Mwalimu Aliyerudi Mississippi

Anna Knight alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Mama yake alikuwa amezaliwa utumwani. Eneo lao halikuwa na shule ya watoto weusi, kwa hiyo Anna aliwafanyia watoto wa kizungu kazi zao ili wamfundishe kusoma. Kuandika alijifunza kwa kijiti, ardhini.

Akiwa msichana, aliomba kupitia gazeti atumiwe chochote cha kusoma. Miongoni mwa waliomjibu alikuwamo dada mmoja Muadventista, na kwa machapisho yake Anna akaijua Sabato. Nyumbani walimpinga. Alipofika katika shule ya kanisa huko Graysville, Tennessee, wazazi weupe walilalamika naye akaondolewa darasani. Hilo lilitokea miongoni mwa waamini, wala halifai kufichwa. Hata hivyo hakuiacha imani. Alisomea uuguzi Battle Creek, akahitimu mwaka 1898.

Akiwa na cheti hicho angeweza kubaki kaskazini. Badala yake alirudi kwao, akafungua shule katika kibanda cha magogo. Wazazi nao walikuja kujifunza kusoma na kutunza afya. Alipofundisha juu ya kiasi, wapika pombe haramu wakatishia kumwua, na kwa muda alikwenda shuleni na bunduki. (Soma Nehemia 4:17, 18. Je, wajenzi wa ukuta walikosa imani kwa kushika silaha?)

Mwaka 1901, kwenye mkutano wa Konferensi Kuu, watenda kazi walihitajika India. Anna alikubali kwenda, kwa sharti kwamba shule yake ipelekewe walimu. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kutumwa na kanisa huko, akahudumu kama muuguzi na mwalimu. Lakini habari za nyumbani zilikuwa mbaya: walimu wametishwa wakaondoka, na shule imechomwa moto.

Wahitaji walikuwako pande zote mbili. Anna aliomba ruhusa, akarudi Mississippi, akaijenga shule upya. Baadaye alihamia Atlanta, na kwa miaka mingi akasimamia shule za kanisa za watoto weusi katika majimbo ya kusini. Alifariki mwaka 1972 akiwa na miaka 98. Katika hesabu aliyoitunza ya kazi yake, safari zilizidi maili 550,000 na barua alizoandika zilizidi 48,000.