Gibbs: Mfanyabiashara aliyevuka mpaka akapata soko Victoria

Mifflin Gibbs, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1823, alikuwa na duka la viatu San Francisco pamoja na mshirika wake, Peter Lester. Biashara ilikwenda vizuri, lakini sheria ya California haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Lester alipigwa humo humo dukani, asiweze kushtaki. Walipogoma kulipa kodi ya kichwa kwa kuwa walinyimwa kura, bidhaa zao zilikamatwa na kupelekwa mnadani. Hakutokea mnunuzi, zikarudishwa.

Mwaka 1858 Gibbs alipanda meli kwenda Victoria, katika koloni la Uingereza wakati huo, leo ni Kanada. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mto Fraser, na wachimbaji walimiminika katika mji mdogo usio na nyumba za kuwatosha. Wengi walilala kwenye mahema. Gibbs hakukimbilia dhahabu. Alishusha unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mablanketi, sururu na makoleo, na mzigo wote ukaisha upesi. Akanunua kiwanja chenye nyumba kwa dola 3,000, na sehemu ya nyumba akaipangisha. Duka lake na Lester likaanza kushindana na Kampuni ya Hudson's Bay, iliyozoea kuuza peke yake.

Mwaka 1866 alichaguliwa diwani wa Victoria. Baadaye alirudi Marekani, akawa hakimu Little Rock, kisha balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, Madagaska. Alifariki mwaka 1915.