Tanaka Shozo: Mbunge aliyeacha kiti kwa ajili ya mto

Kila uchaguzi unapokaribia tunasikia majina yale yale ya watu wanaotaka kiti. Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyekuwa na kiti, akakiacha kwa hiari yake, kwa sababu mto wa kwao ulitiwa sumu na wakubwa wenzake walijitia hamnazo. Hakuwa wa Pwani wala wa Afrika. Alikuwa Mjapani, Tanaka Shozo (Tanaka ndilo jina la ukoo), na huko kwao anatajwa kwa heshima mpaka leo.

Tanaka alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Konaka, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Sano, mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo. Baba yake alikuwa mzee wa kijiji, na yeye akairithi kazi hiyo angali kijana. Mabwana waliotawala eneo lile walipozidisha dhuluma, aliwaongoza wanakijiji kupinga. Mwaka 1868 wakamfunga katika kizimba kidogo ambacho hakuweza hata kusimama wima. Inasimuliwa kuwa kwa kuogopa kutiliwa sumu, alikaa siku 30 akila samaki mkavu aliopenyezewa na wenzake. Alipotoka akaajiriwa serikalini huko kaskazini, na huko nako akasingiziwa kumuua mkubwa wake wa kazi. Akakaa jela karibu miaka 3 kabla ya kuonekana hana hatia.

Mtu mwingine angesema yatosha. Yeye alirudi nyumbani, akashiriki kuanzisha gazeti mwaka 1879, akaingia baraza la mkoa, akawa spika wake. Mwaka 1890 Japani ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa bunge, Tanaka alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Sasa njoo kwenye mto. Unaitwa Watarase. Unateremka kutoka milima ya Ashio, unapita mashamba ya mpunga na miforsadi ya kufugia nondo wa hariri, kisha unaungana na mto mkubwa wa Tone unaokwenda baharini. Watu wa kandokando walikuwa wavuvi na wakulima pamoja. Samaki aliyependwa zaidi ni ayu, mdogo, anayeishi mwaka mmoja tu. Vifaranga vyake huchukuliwa na maji mpaka baharini, na majira ya kuchipua yakifika hukwea mto kurudi juu, ambako hula ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe. Samaki kama huyo anahitaji mto mzima uwe salama, kuanzia mlimani mpaka mdomoni. Sehemu moja tu ikiharibika, mzunguko wake wote umekatika.

Nayo mafuriko hayakuwa adui. Mto ulipofurika ulileta majani yaliyooza kutoka msituni na kuyatandaza mashambani, mbolea ya bure. Ndugu zetu Wapokomo wa Tana hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Mwaka 1877 tajiri Furukawa Ichibei aliyanunua machimbo ya shaba ya Ashio, na baada ya miaka michache ikagunduliwa mishipa mikubwa ya madini. Shaba ilileta fedha za kigeni, na serikali ilizihitaji kwa viwanda na jeshi. Machimbo yakapanuka mbio. Miti ikakatwa kwa ajili ya nguzo za mahandaki na makaa ya tanuri. Ile iliyobaki ikauawa na moshi wa salfa. Mlima ukabaki kipara. Mabaki ya mawe na maji yenye sumu yakashuka mtoni.

Wa kwanza kutoa habari walikuwa samaki. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 ayu walikuwa wakionekana wakielea kwa wingi, wamekufa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini wenye mamlaka hawakutazama juu. Wavuvi wakakosa riziki, na kwa kuwa ni watu wadogo, kilio chao hakikufika mbali. Kisha mwaka 1890 likaja furiko kubwa. Mlima uliokuwa hauna miti haukuweza kushika maji, na safari hii mto haukuleta mbolea bali tope la shaba. Mpunga ukanyauka na miforsadi ikafa. Sumu iliyoanza kwa samaki ilikuwa imefika kwenye sahani ya mkulima.

Mwaka 1891 Tanaka alisimama bungeni kuiuliza serikali kwa nini haiyafungi machimbo yale ilhali sheria inaruhusu. Waziri aliyehusika alikuwa na mtoto aliyelelewa na Furukawa kama mwanawe, kwa hiyo unaweza kukisia majibu yalivyokuwa. Kampuni ikaanza kuwapa wanavijiji vijisenti kwa sharti kwamba wasilalamike tena. Wengine kwa shida zao walipokea. Mwaka 1896 furiko jingine likaja, baya kuliko la kwanza, na ikadhihirika kuwa zile fedha hazikusafisha hata tone moja la maji.

Wakulima wakaanza kwenda Tokyo kwa miguu, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1897 serikali iliiamuru kampuni ijenge mabwawa ya kutuliza uchafu na mitambo ya kupunguza moshi. Vikajengwa, lakini havikutosha. Tarehe 13 Februari 1900 waandamanaji walikutana na polisi mahali paitwapo Kawamata, wakapigwa, na makumi wakashtakiwa. Tanaka alipouliza bungeni, waziri mkuu alijibu kwamba swali lenyewe halieleweki.

Hapa pana jambo ambalo wewe na mimi tunapaswa kulitia akilini. Mwaka 1899, wakulima wakiwa katika dhiki hiyo, wabunge walijiongezea mshahara kutoka yen 800 hadi yen 2,000 kwa mwaka. Tanaka alipinga. Iliposhindikana, hakuikataa nyongeza tu, aliukataa mshahara wote.

Oktoba 1901 alijiuzulu ubunge. Tarehe 10 Desemba mwaka huo, mfalme alipokuwa akitoka kulifungua bunge, mzee huyo wa karibu miaka 60 alilikimbilia gari lake la farasi akiwa na barua mkononi. Askari walimkamata kabla hajafika. Kitendo kile kingeweza kumgharimu maisha, lakini serikali iliona afadhali imchukulie kuwa mwehu na kumwachilia, kuliko kesi itakayoeleza nchi nzima habari za mto. Haikusaidia, kwani kufikia kesho yake magazeti yalikuwa yameshaieneza. Mwaka uliofuata alifungwa takriban siku 40 kwa kosa la kupiga miayo mahakamani.

Serikali ikaja na dawa yake. Badala ya kuzuia sumu kule juu, iliamua kukizamisha kijiji cha Yanaka kule chini, kiwe bwawa la kupokea mafuriko. Mwaka 1904 Tanaka alihamia Yanaka akaishi na wanakijiji. Mwaka 1906 kijiji kikafutwa kwenye daftari za serikali, na mwaka 1907 nyumba 16 za waliogoma kuhama zikabomolewa. Wenyewe wakajenga vibanda juu ya magofu, naye akabaki nao.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutembea kando ya mito, akipima maji na kuwauliza wazee furiko lilifika wapi. Alifariki tarehe 4 Septemba 1913, akiwa safarini kutafuta msaada wa kuendeleza kazi. Hakuacha nyumba wala shamba. Katika mfuko wake mlikuwa na shajara, maandishi yake, Injili, nakala ya katiba ya nchi, na vijiwe vichache vya mtoni. Makumi ya maelfu ya watu walimzika.

Je, alishinda? Akiwa hai, hapana. Machimbo ya Ashio yalifungwa mwaka 1973. Mwaka 1974, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, kampuni ilikubali kuwalipa wakulima fidia. Milima ile ingali inapandwa miti. Pale palipokuwa Yanaka pana kinamasi kikubwa, na mwaka 2012 kiliorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda maeneo ya majimaji.

Kwetu wahenga walituachia msemo: mwenye nguvu mpishe. Ni msemo wa busara katika ugomvi wa njiani. Katika ugomvi wa mto haufai, kwa sababu ukimpisha, sumu haikupishi wewe.

Sabaki yetu inaanza bara, inapokea maji ya Nairobi kupitia mto Athi, na kila kinachotupwa huko hatima yake ni huku karibu na Malindi. Humo mna mikunga wanaozaliwa baharini na kukwea mto kama walivyokwea ayu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Tanaka alikuwa na katiba iliyompa machache kuliko haya, na aliibeba mfukoni mpaka akafa.

Basi mvuvi wa mtoni akikwambia kwamba samaki wamepungua, usimwone analalamika. Huenda ndiye wa kwanza kukuletea habari zako mwenyewe.