Ukoo Una Madeni, Una na Mali

Juzi mama mmoja alikuja ofisini na karatasi yenye majina ya ukoo wake. Ulevi huku, ndoa kuvunjika kule. Alitaka tuvunje laana. Tuliomba. Lakini mimi nilisomea biashara, na hesabu inayoonyesha madeni peke yake haijakamilika. Basi nikamsimulia habari za Anne Hutchinson.

Anne alibatizwa mwaka wa 1591 katika mji wa Alford, Uingereza. Mama yake, Bridget Dryden, alitoka katika familia yenye mashamba na heshima. Baba yake, Francis Marbury, alikuwa kasisi asiyenyamaza. Mwaka wa 1578, kabla Anne hajazaliwa, alisimamishwa mbele ya Askofu wa London kwa kudai kwamba maaskofu wanawapa kazi makasisi wasiofaa. Akatupwa jela. Baadaye aliiandika kesi hiyo kwa mkono wake.

Mwaka wa 1634 Anne na mumewe William, mfanyabiashara, walivuka bahari na watoto wao hadi Boston, Marekani, wakimfuata mhubiri John Cotton. Huko aliwasaidia akina mama kujifungua, kisha akaanzisha ushirika nyumbani kwake wa kujadili mahubiri ya Jumapili. Walianza wanawake, wanaume nao wakaja. Alifundisha kwamba wokovu ni kwa neema, na kwamba wachungaji wengi wa pale wanahubiri matendo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Novemba 1637 akasimama mbele ya Gavana John Winthrop. Aliwajibu vizuri sana, mpaka aliposema kwamba Mungu amemfunulia mambo moja kwa moja. Wakaamua afukuzwe. Machi 1638 kanisa likamtenga.

Unaona? Karibu miaka 60 baada ya baba, binti alisimama mahali palepale. Ni laana au ni urithi?

Mwaka wa 1643 Anne na watoto wake kadhaa waliuawa katika vita vya Waholanzi na wenyeji, mahali ambapo leo ni New York. Wako waliosema Mungu amemhukumu. Walifunga hesabu mapema mno. Mwanawe Edward alibaki hai, na kilembwe chake Anne, Thomas Hutchinson, akawa gavana wa Massachusetts, koloni lilelile lililomfukuza.

Wapendwa, hata mimi habari hii inanichoma. Nikiwa mchungaji, ningekaa upande gani siku ile? Tukimsikia dada anafundisha nyumbani, tunapima neno lake kwa Maandiko, ama tunalinda viti vyetu?

Paulo alipomkumbusha Timotheo kuhusu ukoo wake, alitaja imani ya nyanya Loisi na mama Eunike. Nilimwambia yule mama ageuze karatasi. Alinyamaza kidogo, halafu akakumbuka nyanya yake, aliyekuwa akiamka alfajiri kuombea kijiji kizima. Nikampa kalamu.