Stanislaw Ulam: Karata za mgonjwa zilizozaa hesabu za mionzi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KWA miaka mingi, mgonjwa wa saratani wa Moshi aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kufunga safari ya zaidi ya kilometa 500 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ni wachache miongoni mwa wasafiri hao waliofahamu kuwa moja ya njia makini zaidi za kukadiria mwendo wa mionzi mwilini ilibuniwa na mgonjwa mwenzao aliyekuwa akicheza karata peke yake nchini Marekani mwaka 1946.

Mgonjwa huyo ni Stanislaw Ulam, mwanahisabati aliyezaliwa Aprili 13, 1909 katika mji wa Lwów, ambao leo uko Ukraine. Baba yake alikuwa mwanasheria wa Kiyahudi. Ulam alipata shahada ya uzamivu mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka 1935 alialikwa Princeton, Marekani, na John von Neumann, mwanahisabati mwenye asili ya Hungaria aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa.

Agosti 1939, Ulam na mdogo wake Adam waliondoka Poland kwa meli. Siku chache baadaye majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi hiyo. Baba na dada yao, waliobaki nyuma, waliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi.

Mwaka 1944 Ulam alijiunga na maabara ya siri ya Los Alamos, ambako Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la atomiki. Vita vilipomalizika alihamia Los Angeles kufundisha, na hapo ndipo maradhi yalipomkuta. Ubongo wake ulivimba, madaktari wakalazimika kumpasua kichwa kwa dharura. Hofu ilikuwa kama akili iliyokuwa mtaji wake wote ingerudi kama zamani.

Wakati akijiuguza, Ulam alijiliwaza kwa mchezo wa karata wa mtu mmoja. Akajiuliza ni mara ngapi mchezo huo unaweza kufaulu. Alijaribu kukokotoa jibu kwa kanuni za hisabati, lakini njia zikawa nyingi mno. Ndipo likamjia wazo jepesi: kwa nini asipange karata mara 100, kisha ahesabu zilizofaulu?

Akili haikuwa imempotea. Aliporejea Los Alamos alimweleza von Neumann kuwa nyutroni ndani ya bomu nazo zinaweza kufuatwa namna hiyo, moja baada ya nyingine, kila hatua ikiamuliwa kwa namba ya kubahatisha. Machi 1947 von Neumann aliandika mpango wa kazi hiyo, na mwaka 1948 kompyuta ya ENIAC ikaanza kuitekeleza. Mwenzao Nicholas Metropolis aliipa njia hiyo jina la Monte Carlo, mji wa kamari, kwa kumkumbuka mjomba wa Ulam aliyependa kukopa fedha ili akacheze huko. Mwaka 1949 Metropolis na Ulam waliichapisha.

Lakini kabla ya kuifuata chembe, kompyuta lazima iambiwe imezaliwa na nishati kiasi gani. Hapa msomaji anaweza kurudi kwenye karata za Ulam. Chukulia kila karata imeandikwa kiwango cha nishati: kinachotokea mara nyingi kiandikwe kwenye karata nyingi, cha nadra kwenye chache. Karata huchanganywa, moja huchomolewa, na chembe huanza safari kwa nishati iliyosomwa. Mgawanyo huo wa karata ndio wataalamu huuita spektra ya nishati ya chanzo.

Kwa kobalti-60, chanzo kilichotumika kwa miaka mingi katika tiba ya saratani, kazi ni rahisi. Nusu ya karata husomeka megaelektronivolti 1.17 na nusu nyingine 1.33, kwa kuwa kila kiini kinapooza hutoa miale hiyo miwili.

Mashine za kisasa zinazoharakisha elektroni hazina wepesi huo. Mashine inayoitwa ya megavolti 6 hutoa miale ya kila kiwango, kuanzia midogo kabisa hadi 6, na wastani wake huwa karibu theluthi moja tu ya kilele hicho. Anayeandika 6 kwenye karata zote ataonyeshwa miale inayopenya mwilini kwa kina kuliko ilivyo kweli. Kompyuta haitamkosoa, itahesabu mamilioni ya chembe kwa utiifu na kutoa jibu safi lisilo sahihi. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha hesabu hizo na vipimo halisi vinavyochukuliwa ndani ya tangi la maji. Kosa lisipogunduliwa, atakayelipa ni mgonjwa.

Ulam hakuacha urithi wa tiba pekee. Mwaka 1951 yeye na Edward Teller walibuni muundo wa bomu la haidrojeni, lililojaribiwa Novemba 1, 1952 katika Bahari ya Pasifiki. Von Neumann alifariki dunia Februari 8, 1957 kwa saratani, maradhi ambayo hesabu alizosaidia kuzianzisha sasa zinatumika kupambana nayo.

Ulam alifariki Mei 13, 1984 mjini Santa Fe kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 75. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na njia yake haina siri zaidi ya hiyo: chembe moja, kisha nyingine, hadi picha ikamilike. Sharti ni kwamba karata ya kwanza iandikwe kwa ukweli.