Carter Woodson, Mwana wa Watumwa

Katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto mwaka wa 1875, akaitwa Carter Woodson. Wazazi wake walikuwa watumwa hapo kwanza, hata vita vilipokwisha mwaka wa 1865 walikuwa huru, lakini maskini. Carter alishinda shambani, na shuleni alikwenda miezi michache tu kila mwaka.

Alipokuwa kijana akaenda West Virginia kuchimba makaa ya mawe. Huko alikuwako mchimbaji mmoja, askari wa zamani, asiyejua kusoma. Lakini nyumbani mwake mlikuwa na vitabu na magazeti mengi. Jioni wachimbaji hukusanyika humo, na Carter akawasomea. Nao wakamsimulia habari za vita walivyopigana wenyewe ili watumwa wawekwe huru. Habari hizo hazikuwamo katika vitabu vya shule.

Mwaka wa 1895, naye akikaribia miaka 20, aliingia shule ya sekondari wala hakuona haya. Baadaye akawa mwalimu, na mwaka wa 1903 akapelekwa visiwa vya Ufilipino. Huko watoto walifundishwa wimbo wa mti wa tufaha, ambao hawajauona kamwe. Mtu mmoja asiyesomea ualimu (nasi wenye vyeti tusikie!) akaubadili, akawaimbisha habari za mzambarau wa kwao, akawaeleza na maisha ya José Rizal, shujaa wa nchi yao. Watoto wakaipenda shule. Woodson hakulisahau jambo lile.

Mwaka wa 1912 akapata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka wa 1915 akaanzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi, na mwezi wa Februari 1926 akaweka juma moja la kuifundisha mashuleni, kwa kuwa mwezi huo watu walikumbuka kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Akawapelekea walimu picha na masomo. Matajiri waliomsaidia walipoacha, watu weusi wenyewe wakachanga fedha zao kidogo kidogo.

Hakuoa. Alikaa orofa ya juu katika nyumba ya chama, mjini Washington, na chini yake vitabu. Ndimo alimofariki mwaka wa 1950. Tangu mwaka wa 1976 juma lile limekuwa mwezi mzima.