Lloyd Mathews: Jemadari Aliyevua Sare Akawa Waziri Unguja

Wengi wetu hapa Ghuba tuna baba, ami au mjomba aliyetumikia jeshi au polisi, kisha akastaafu na kutafuta kazi ya kiraia. Twajua si jambo jepesi. Mtu aliyezoea kupigiwa saluti hujikuta mbele ya meza na makaratasi, na wengi huona kama wamepungua. Leo nakusimulieni habari za mtu aliyepita njia hiyo Unguja zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwake mambo yakawa kinyume: alipotoka jeshini ndipo nguvu zake zilipozidi. Nguvu hizo zilitoka wapi, ndilo jambo ninalotaka tulitazame.

Lloyd William Mathews, Muingereza, alizaliwa mwaka 1850 Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Mwaka 1863, bado mtoto, aliingia jeshi la majini la kwao. Alipigana vita vya Ashanti, Afrika Magharibi, akapanda cheo kuwa luteni. Mwaka 1875 alifika Unguja na manowari London, ambayo mashua zake zilikuwa zikiyafukuza majahazi yaliyobeba watumwa.

Wakati huo mtawala alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Askari wake wengi walikuwa Waarabu na Wabulushi, na yeye akataka jeshi jipya la mtindo wa Kizungu. Mwaka 1877 kazi hiyo akapewa Mathews. Alianza na watu 300, wengi wao Waafrika wa mjini, na kufikia mwaka 1880 wakawa kiasi cha 1,300. Uingereza iliwapa bunduki 500. Mwaka 1881 Mathews akajiuzulu jeshi la kwao, na Sayyid akampa cheo cha brigadia jenerali. Tokea hapo akawa mtumishi wa Sultani.

Mwisho wa mwaka huo huo nahodha wa London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolizuia jahazi la watumwa la Hindi bin Hattam. Mathews alivuka na askari wake mpaka Wete, wakapigana, na Hindi akafa kwa majeraha yake. Mwaka 1885 Sayyid alimtuma Kilimanjaro ili machifu wa huko wakubali bendera nyekundu ya Unguja. Walikubali, lakini haikufaa kitu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajarumani waligawana bara, na Kilimanjaro ikaangukia upande wa Wajarumani. Jenerali alitimiza amri ya bwana wake, na wakubwa wa Ulaya wakaitangua kwa kalamu.

Naona hapo ndipo pa kumwelewa mtu huyu. Alipokuwa na bunduki, Sultani alimwamrisha na angeweza kumfukuza. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata, zama za Sayyid Ali bin Said, Balozi Gerald Portal akaipanga serikali upya. Fedha za nchi zikatengwa na mfuko wa Sultani, naye akapangiwa posho. Idara kubwa, kama hazina na forodha, zikatiwa mikononi mwa Wazungu. Juu ya wote akawekwa Mathews, Waziri wa Kwanza, na Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Aliyekuwa akipokea amri za kasri sasa alishika ufunguo wa hazina yake.

Hata hivyo jeshi halikumwacha. Sayyid Ali alipofariki mwaka 1893, Sayyid Khalid bin Barghash alitaka kiti akazuiliwa, akatawazwa Sayyid Hamad bin Thuwaini. Hamad naye alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid akaingia kasri na safari hii akakataa kutoka. Tarehe 27 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu kiasi cha 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Askari aliowafundisha Mathews walisimama upande wa Waingereza. Jeshi lililoundwa kwa amri ya Barghash lilisimama dhidi ya mwanawe.

Akatawazwa Sayyid Hamoud bin Mohammed, na tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Mathews na serikali yake ndio walioitekeleza, na waliitekeleza pole pole. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana wake alilipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Wenye mashamba walihofia mavuno ya karafuu, na wamishionari walilalamika kwamba serikali inachelewesha. Waziri huyo pia alihimiza mazao mengine ili nchi isitegemee karafuu peke yake.

Mathews alifariki Unguja tarehe 11 Oktoba 1901 kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 51. Alitumikia masultani watano na hakurudi kuishi kwao. Alizikwa katika makaburi ya Waingereza nje ya mji, kwa heshima zote za kijeshi, ingawa kwa miaka kumi kazi yake ilikuwa ya uwaziri.

Wako wanaomsifu kwa utumishi mrefu na wako wanaomwona kuwa mkono wa wakoloni ndani ya kasri letu. Mimi naona yote mawili ni kweli, na hayagombani. Aliitumikia Unguja kwa bidii, lakini alipokuwa waziri amri ya mwisho haikuwa tena ya Unguja. Nasi tunaposoma habari za waliotumikia dola yetu, tusitazame vyeo vyao peke yake. Tuulize pia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuwaondoa.